Herufi Sitini na Moja

Jumanne, 4 Machi

Leo, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, nimempoteza Tisa. Vijichupa sita, vyote. Naziandika saa kwa sababu najua nilitoka maabara saa ngapi kwenda kuchukua sampuli hospitali, na najua nilirudi saa ngapi. Ndani ya saa hizo nne sanduku namba 14 limetoka kwenye friza, limeingia kwenye jiko la mvuke, limechemshwa dakika thelathini pamoja na sahani chafu na glavu zilizotumika. Nalianza daftari hili kwa sababu sina mwingine wa kumweleza.

Tisa ni kirusi. Si wale wa kuumiza watu. Ni wa wale wanaowinda bakteria tu. Ungemnywa kwenye glasi ya maji usingejua. Kwa miaka sita nimewavua kwenye mifereji, mmoja mmoja, mpaka wakafika tisa, na wote ni ukoo mmoja. DNA ya kila mmoja ni kama herufi elfu arobaini na tatu na mia nane. Ukimweka Tisa kando ya Nne, ukawasoma herufi kwa herufi, wanatofautiana sehemu sitini na moja. Basi. Lakini kumi na saba kati ya hizo ziko kwenye jeni ya mguu, ule anaoshikia bakteria kabla ya kumtoboa. Wodi ya vidonda ina bakteria tuliyempa jina Sugu. Dawa hazimgusi, na virusi wanane wa kwanza wanateleza juu yake, hawamshiki. Tisa anamla. Alikuwa anamla.

Nilikwenda dirishani kwa mtunza stoo, ambaye sote tunamwita Stoo, na ndiye anayewasha lile jiko.

"Sanduku 14 liko wapi?"

"Nimechemsha kilichosainiwa, Fundi."

"Kimesainiwa na nani?"

"Daftari la taka lile pale kwenye rafu. Kaangalie."

"Daftari nalisaini mimi mwenyewe kila wiki. Nikaangalie nini?"

"Kama unalijua hivyo, basi unaniuliza nini mimi?"

Akageuka kuhesabu glavu zake. Miaka kumi na moja nakula naye mchana kwenye benchi moja, na hilo ndilo jibu.

Kwa Daktari haikuwa afadhali. Yeye ndiye mkuu wetu. Alipokuja hapa akiwa mwanafunzi, ni mimi niliyemfundisha kushika pipeti, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye kuosha vyupa miaka minne tu kabla yake. Cheti changu nimekisomea jioni, miaka mitano. Hakuna aliyenishika mkono.

"Friza ilikuwa inayeyuka, Fundi, maji mpaka mlangoni," alisema. "Tumetoa vitu vingi. Halafu huyo Tisa wako, tuseme kweli, si ni Nne tu na makosa ya mashine? Herufi sitini na moja, mashine ile ya zamani inaweza kuzikosea."

"Na Sugu je? Makosa ya mashine ndiyo yaliyomla Sugu?"

"Umemjaribu mara mbili. Mara mbili si kitu." Akavua miwani. "Ripoti ya ukoo inatoka tarehe 30 Mei. Bila kijichupa siwezi kuandika. Tutasema wanane."

Wanane. Kama mtu anayetaja watoto wa nyumba na kumruka mmoja kwa sababu hayupo sebuleni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekula nimesimama, chumba cha kuoshea vyombo. Siendi kwenye benchi.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza. Nimepanga hivi: Tisa nilimvua kwenye mfereji wa nyuma ya hospitali, siku ya mvua, maji yalipokuwa yanafurika. Aliyekuwepo mara moja hawezi kuwa ameisha. Kila mvua ikinyesha nitajaza chupa moja pale pale. Nitachuja, nitachanganya na Sugu, nitamwaga kwenye sahani, kesho yake nitaangalia. Sugu akiota amefunika sahani nzima kama ukungu, hakuna kitu. Pakiwa na doa safi, kuna aliyemla.

Nina wiki kumi na moja na siku nne kabla ya ripoti.

Kila chupa inayotoka nje lazima ipite dirishani kwa Stoo ipewe namba na muhuri. Nimeiweka, nimetazama pembeni. Amepiga muhuri. Hatukusalimiana.

Jumanne, 11 Machi

Chupa ya 1: ukungu mtupu.

Alhamisi, 13 Machi

Chupa ya 2: ukungu.

Jumapili, 16 Machi

Binti yangu amepiga simu. Hupiga Jumapili saa kumi, tangu aajiriwe mbali, na huzungumza kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Dakika nne na sekunde kumi.

"Baba, mchana unakula?"

"Nakula."

"Na nani? Na baba mkubwa Stoo?"

"Na nani mwingine?"

"Msalimie. Mwambie zile hadithi zake za jiko la mvuke mimi nazisimulia huku, watu wanacheka mpaka basi."

"Nitamwambia, mama."

Nimehesabu. Kuanzia Ijumaa saa kumi na moja jioni mpaka simu hii nilikuwa nimesema maneno tisa. Matano kwa muuza mkate, manne kwa paka asiye wangu.

Ijumaa, 21 Machi

Chupa ya 3 na ya 4. Mvua ya kumwaga. Nimerudi nimelowa mpaka kwenye soksi, hati ya sampuli ikiwa imekunjwa ndani ya kofia. Dirishani, Stoo alifungua mdomo kama anataka kusema. Akapiga muhuri.

Jumamosi, 22 Machi

Ukungu, ukungu.

Bati la chumba changu linavuja sehemu mbili. Ndoo ya bluu inajaa kwa saa tatu, sufuria kwa saa moja na nusu. Upande wa pili wa ukuta, jirani yangu fundi cherehani anashona. Mashine yake ikinyamaza najua anakula. Ikinyamaza kwa muda mrefu najua ana mgeni. Yeye sijui anajua nini kunihusu. Ndoo na sufuria, labda.

Jumatano, 2 Aprili

Chupa ya 6. Daktari alipita mezani kwangu, akaangalia sahani zilizopangwa.

"Bado unavua?"

"Bado."

"Fundi, sisemi uache. Nasema usijiumize."

Angesema niache ningemwelewa zaidi.

Jumatatu, 7 Aprili

Kikohozi. Chupa ya 7 nimeiweka dirishani huku nimeziba mdomo na kiwiko. Pale kwenye ubao wa dirisha kulikuwa na limau zima, mtu amelisahau.

Jumanne, 8 Aprili

Ukungu.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimekaa na hesabu. Chupa tisa, sahani tatu kila chupa, ishirini na saba, doa sifuri. Kama Tisa yumo kwenye mfereji kwa kiasi cha kirusi mmoja kwa kila lita kumi, ningehitaji chupa nyingine nyingi kuliko mvua zilizobaki. Kama yumo kwa mmoja kwa lita, nilistahili kumpata wiki iliyopita. Au hayumo, na mimi ni mtu mzima anayechota maji machafu kwenye mvua kwa sababu hataki kukubali.

Nikiwa dirishani na chupa ya 10 nilimtazama Stoo usoni, mara ya kwanza tangu siku ile. Amezeeka. Anastaafu mwisho wa Mei. Nimeliona tangazo ubaoni kama mtu yeyote. Zamani habari kama hiyo ningeipata kwenye benchi, kabla hata ya karatasi kuchapwa, ikiwa na chumvi na pilipili zake zote.

Jumapili, 13 Aprili

Binti kauliza tena. Nimejibu tena. Dakika tatu.

Alhamisi, 17 Aprili

Chupa ya 14. Mvua imekuja mchana kama mtu aliyefukuzwa. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, nimejaza haraka nikakimbia.

Ijumaa, 18 Aprili

Madoa matatu.

Nimetoa sahani kwenye kabati la joto, nikaishika kwenye mwanga, nikaiweka, nikanawa mikono, nikaishika tena. Matatu. Mviringo, safi, kila moja kama tundu la sindano nene. Katika ukungu wa Sugu.

Niligeuka kumwambia mtu. Chumba kilikuwa na friza, mizani na koti la Daktari kwenye msumari.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemsafisha: doa moja, sahani mpya, doa moja, sahani mpya, mara nne. Anamla Sugu kila mara, na sasa si mara mbili, ni mara ishirini na mbili. Daktari ameangalia sahani, akasema jambo la haki kwa namna iliyoniudhi: "Kumla Sugu ni tabia. Mtu akifanana tabia na ndugu yako hajawa ndugu yako. Msome DNA kwanza."

Kesho anapelekwa kusomwa. Majibu wiki mbili au zaidi.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Sina chupa ya kujaza, sasa sijui mikono niiweke wapi.

Jumatatu, 12 Mei

Majibu yamekuja kwenye kompyuta ya Daktari. Herufi 43,871. Tisa wa zamani ana 43,871. Ile namba ilipotokea niliisoma mara mbili kwa sauti.

Daktari akawaweka kando kwa kando. Kompyuta huchora kila kirusi kama mstari, kisha inaunganisha sehemu zinazofanana kwa nyuzi za rangi. Kwa ndugu wa kweli nyuzi hushuka wima, kama nyuzi alizotanda mfumaji. Hawa nyuzi zao zilikatana katikati, msalaba mkubwa. Nusu ya mwanzo ya Tisa inafanana na nusu ya mwisho ya huyu. Ya mwisho kwa ya mwanzo. Alama kubwa nyekundu: mpangilio umevunjika.

"Pole, Fundi," Daktari alisema. "Huyu amekatwa na kupangwa upya. Si wa ukoo huu, au kama ni wa ukoo, ameoa na kuolewa huko mpaka hatambuliki. Kwenye ripoti hii haingii."

"Idadi ya herufi ni ile ile."

"Inatokea."

Elfu arobaini na tatu mia nane sabini na moja. Inatokea. Nimeandika nafasi ya kutokea kwa bahati kwenye karatasi kisha nimeichana, kwa sababu hesabu yangu haikuweza kuondoa ule msalaba.

Alhamisi, 15 Mei

Nimechapa karatasi mbili na kuzibandika ukutani chumbani, Tisa juu, huyu mgeni wa chupa ya 14 chini. Nakula nazitazama. Paka naye anazitazama.

Jumapili, 18 Mei

Simu ya binti. Nimemwambia ukweli. Sijui kwa nini leo.

"Sili naye, mama. Tangu Machi."

Nikasikia anavuta kiti.

"Alikufanya nini?"

"Alichemsha kirusi wangu."

"Kwa makusudi?"

"Sijamuuliza hivyo."

"Baba. Umekaa miezi miwili na nusu hujamuuliza mtu swali la neno moja?"

Simu ya leo imefika dakika kumi na tisa.

Baadaye, jua likiwa bado lipo, nilimpelekea jirani suruali iliyochanika. Alikuwa anazungushia pindo la sketi pana. Nilisimama mlangoni nikiangalia, na kwa kuwa sina mazungumzo ya watu nikamuuliza la kazi.

"Pindo la duara unaanzia wapi?"

"Popote, jirani. Naweka alama ya chaki, nazunguka mpaka nirudi kwenye chaki."

"Mwingine akishona sketi hiyo hiyo, si ataanzia kwingine?"

"Ataanzia anapotaka yeye. Sketi itabadilika?" Akacheka. "Leo umeongea mpaka nimeogopa. Kaa basi, hiyo suruali ni ya dakika tano."

Sikukaa. Namwomba radhi hapa. Nilikuwa nimeshaelewa kitu na miguu ilikuwa inataka kwenda.

Mashine ya kusoma DNA haisomi uzi mzima. Inasoma vipande vipande, na kompyuta inaviunga kwa kufuata ncha zinazolingana, mpaka mwisho unakutana na mwanzo na uzi unakuwa duara. Kisha, kwa kuwa faili lazima lianze na herufi moja, inakata duara popote. Chaki. Tisa anaanzia mahali fulani tangu miaka miwili iliyopita, na mgeni amekatwa mahali pengine mwezi huu. Hakuna aliyevunjika. Kuna waliokatwa tofauti.

Jumatatu, 19 Mei

Nilifika saa moja kasorobo asubuhi. Tuna desturi, wanane wa kwanza wote tuliwapanga waanze na jeni ya kufungashia, ile inayosukuma DNA kwenye kichwa cha kirusi. Tisa nilimpanga mimi. Mgeni, kwa haraka ya kutaka kujua, tulimfungua kama alivyokuja. Daktari alisahau. Mimi niliyebandika ukutani siku tatu nilisahau pia.

Nimeitafuta jeni ya kufungashia kwenye faili la mgeni. Ilikuwa herufi ya 21,406. Nimekata hapo, kipande cha mbele nimekipeleka nyuma, nimebonyeza.

Nyuzi zote wima.

Kisha nikahesabu tofauti, na kwa hili sikuiamini kompyuta peke yake, nimepitia kwa rula na kalamu. Mgeni na Tisa: tofauti mbili. Mgeni na Nne: tofauti sitini na tatu. Zile zile sitini na moja, mahali pale pale, kumi na saba kwenye mguu, na mbili mpya alizozipata mwenyewe huko mferejini.

Daktari alipoingia sikusema habari za asubuhi.

"Mashine ya zamani ilikosea sehemu sitini na moja?"

"Fundi, tulishazungumza…"

"Na mashine mpya, kwa maji ya mwaka mwingine, ikakosea sehemu zile zile sitini na moja? Kwa herufi zile zile?"

Alivuta kiti. Aliangalia muda mrefu, kidole kwenye kioo, midomo ikihesabu. Ni mimi niliyemfundisha kuhesabu hivyo, bila kuruka.

"Hapana," alisema. "Haiwezekani." Halafu, taratibu: "Yupo. Alikuwepo muda wote."

Nilitarajia kufurahi zaidi.

"Nitaandika tisa," alisema. "Ila safari hii nataka mstari wake kwenye daftari la friza ukamilike: namba ya chupa, siku, saini ya aliyevua na ya aliyepokea maji. Mbili. Nimechoka na vitu visivyo na mwenyewe. Ijumaa tarehe 30, saa kumi jioni, natuma. Mstari ukiwa nusu, wanane."

Aliyepokea maji ni Stoo.

Jumanne, 20 Mei

Dirisha limefungwa. Stoo yuko nyuma, anahesabu mali yote ili akabidhi. Mlango ulikuwa wazi. Nilifika mpaka kwenye kizingiti, nikamwona mgongo, nikarudi.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemsubiri atoke mchana kisha nikaingia kutafuta ukurasa wa chupa ya 14. Nauandika hapa nilivyouona. Kitabu cha kupokea sampuli kina safu ya mwisho, "Maelezo", ambayo hakuna anayeijaza. Stoo ameijaza.

Chupa 1: *Maji ya mfereji. Mvua ndogo.*

Chupa 4: *Mvua kubwa. Mleta chupa hana koti.*

Chupa 7: *Mleta chupa anakohoa. Nimemwekea limau. Hakuchukua.*

Chupa 10: *Leo amenitazama.*

Chupa 14: *Kizibo hakikukazwa, maji yanavuja. Nimekaza na kufunga plasta. Nusu ya maji imesalimika.*

Niliketi juu ya kasha la glavu. Tisa wangu alikuwa kwenye ile nusu.

Daftari la taka lilikuwa kwenye rafu ile ile, pale aliponionyesha kwa kidole. Nikalifungua 4 Machi. Mzigo wa tatu: "Sanduku 14, nakala za ziada za Nne." Mwandiko wa Daktari. Safu ya mchemshaji: saini ya Stoo. Safu ya aliyeruhusu: yangu.

Sikuwepo saa ile. Lakini saini ni yangu, na ipo pia kwenye mstari wa nne ambao ni mtupu, na wa tano, mpaka wa kumi na mbili. Kila Jumatatu nasaini ukurasa mzima kwa mkupuo ili nisisumbuliwe katikati ya kazi. Miaka mingapi? Nimefungua nyuma. Sita.

Daktari aliandika alichoamini. Stoo alichemsha kilichosainiwa. Alinijibu hivyo hivyo, neno kwa neno, na akaninyooshea rafu.

Jumatatu, 26 Mei

Nimeingia stoo. Nilibeba daftari la friza kifuani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Fundi," alisema, bila kuacha kuhesabu. "Mia mbili arobaini. Sema."

"Chupa ya 14. Nahitaji saini yako hapa. Kabla ya Ijumaa."

"Amepatikana?"

"Amepatikana."

Aliweka kalamu chini. Uso ulifunguka, nikaiona furaha yake ilivyo, ya kweli, kisha akaifunga tena kama dirisha.

"Umekuja kwa saini," akaniuliza, "au umekuja?"

Nilisema daftari la friza linataka saini mbili. Nilisema habari ya safu. Nilisema tarehe.

"Basi ukishajua umefuata nini, rudi," alisema. "Mimi nipo mpaka Ijumaa. Mia mbili arobaini na moja."

Jumanne, 27 Mei

Mvua imekatika. Ndoo kavu. Jirani kaniletea suruali mwenyewe, akakaa, akaziona karatasi ukutani, akauliza hizo nyuzi ni mtindo gani. Nimemweleza kwa nusu saa. Sikuhesabu maneno.

Jumatano, 28 Mei

Barua hii nimeipitisha chini ya mlango wa stoo saa mbili asubuhi. Naiweka nakala hapa, neno kwa neno, nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilisema zaidi au kidogo.

*Mzee wangu,*

*Tarehe 4 Machi ulichemsha kilichosainiwa. Saini ilikuwa yangu, niliiweka Jumatatu kabla ya mzigo kuwepo. Uliniambia nikaangalie nami sikuangalia, kwa kuwa nilikuwa na uhakika. Kosa si lako. Nimesoma safu ya Maelezo. Limau nililiona. Nilidhani limesahauliwa.*

*Kutoka tarehe 4 Machi mpaka jana siku za kazi ni sitini na moja. Nimezihesabu mara mbili kwa sababu namba hiyo naifahamu. Zote nimekula peke yangu, na naamini wewe pia, kwani benchi nalipita kila siku nikijifanya silioni, na huwa umeketi upande wako ule ule, upande wangu mtupu.*

*Uliniuliza nimekuja kwa saini au nimekuja. Nimekuja. Daftari la friza nitalibeba, mstari wa Tisa uko wazi, sijasaini. Utausoma kwanza, usaini ukitaka, mimi nitafuata. Ukikaa na usisaini, ripoti itasema wanane, nami bado nitakuwa nimekaa.*

*Kwa hiyo swali si la Tisa. Ni hili: kesho, Alhamisi, tunakula pamoja au hatuli? Sitaki "tutaona", sitaki "Mungu akipenda", na usinijibu kwa kuhesabu glavu. Ndiyo au hapana, kwa mdomo wako, kwenye benchi, saa saba kamili mchana.*